Kitalu cha Magugu cha Bwana Kibwana

Sifunia ipo, msiwe na shaka, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani ya nchi imefungiwa kabatini kwa Waziri wa Ramani, Waziri mwenyewe yuko safarini, na ufunguo kaondoka nao. Sisi tuliozaliwa huko tunajua tu kwamba ni nchi ya utaratibu. Sifunia hakuna jambo linaloanza mpaka lizinduliwe na mgeni rasmi. Daraja likishajengwa, watu huendelea kuvuka mto kwa kulowa mpaka mgeni rasmi apatikane. Hata masika huzinduliwa, kila mwaka, uwanja wa mpira, kwa ngoma na hotuba, na mvua inayonyesha kabla ya siku hiyo haihesabiwi hata kama imebomoa nyumba za watu.

Katika nchi hiyo, mji wa Kibao, mtaa wa Bondeni, aliishi Bwana Kibwana Mtopelwa, mstaafu wa Idara ya Itifaki. Kazi yake ya maisha ilikuwa kupanga viti. Wapo wanaodhani kupanga viti ni kazi ya yeyote mwenye mikono, lakini watu hao hawajawahi kumkalisha mkuu wa wilaya kwenye plastiki huku katibu wake amezama kwenye sofa. Bwana Kibwana alikuwa akimtupia mtu jicho mara moja tu, akajua kiti chake, safu yake, na kama apewe maji ya chupa au soda. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na makofi. Akarudi nyumbani, akawa anapanga viti vya sebuleni, anavipangua, anavipanga tena, mpaka mkewe, Bi Havijawa, alipomwambia kwa upole atafute shughuli nje ya nyumba ile kabla hawajakosana.

Shughuli aliipata kwenye Njia ya Nyuki. Hiyo ni njia ya miguu inayopanda kutoka Bondeni hadi chemchemi ya Kitutu, ambayo ndiyo inayoleta maji kwenye mabomba ya mtaa mzima. Bwana Kibwana alikulia kwenye njia hiyo, akimfuata mama yake nyuma kwa nyuma, chini ya kivuli cha miringaringa na misesewe, na hapa sitanii: aliipenda. Ukimtaja mama yake aliweza kuzungumza vizuri tu, lakini ukiitaja ile njia machozi yalimlengalenga.

Sasa njia ilikuwa imevamiwa na mjaanchi. Huu ni mmea wa maua ya rangi ya chungwa, ulioletwa zamani kutoka ng'ambo kuipamba bustani ya Ikulu, ukaruka ukuta. Una miiba, una mizizi yenye kiu isiyoisha, na mche wa asili ukiota chini yake haumalizi mwezi. Ukiukata unachipua pande mbili. Kadiri ulivyopanda mlima ndivyo maji ya bomba Bondeni yalivyopungua, mpaka Bi Havijawa akawa anatega ndoo asubuhi na kuikuta jioni haijafika nusu.

Basi Bwana Kibwana akaanzisha Kikundi cha Marafiki wa Njia ya Nyuki, watu wa kujitolea, wasiolipwa kitu. Walikuja wastaafu wenzake, kina mama wa kwaya, na Mwalimu Pendaeli, aliyekuwa akifundisha historia ya mafanikio ya taifa na kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kutosha.

*

Jumamosi ya kwanza walifanya kazi kama wendawazimu. Waling'oa mjaanchi na mizizi yake, wakauchoma, wakapanda miche ya mringaringa, na jioni walikuwa wamefika kona ya kwanza, viganja vimechubuka, wote wanacheka. Bi Havijawa alileta chai na mihogo. Hakuna aliyetoa hotuba. Ilikuwa siku nzuri, na kama watu hawa wangekuwa na akili wangeishia hapo, yaani wangeendelea vilevile.

Jumatatu alifika Afisa Uzinduzi wa Wilaya. Alitaka kujua kazi ile ilizinduliwa na nani. Alipoambiwa haikuzinduliwa, alivua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu, akaeleza kwa huruma kwamba gugu lililong'olewa kabla ya uzinduzi, kisheria, bado lipo. Ardhi ile pale chini ilikuwa inasema uongo. Njia pekee ya kuirekebisha ni kuyarudisha magugu mahali pake, ili mgeni rasmi atakapokuja aikute hali kama ilivyo. Na yaliyokwisha kuchomwa? Yachukuliwe mengine kule juu.

Jumamosi ya pili, Marafiki wa Njia ya Nyuki walipanda magugu. Mjaanchi hauna makuu, ukipandwa unashika. Nusu ya kina mama wa kwaya hawakurudi tena, na Bi Havijawa alimuuliza mumewe kama jua limempiga utosini.

Bwana Kibwana alimjibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Hakumwambia kilichokuwa moyoni. Afisa, wakati akiaga, aligusia kwamba siku ya uzinduzi zitahitajika safu kadhaa za viti, na neno hilo lilimpiga mzee wa watu moyoni kama barua ya mchumba.

*

Uzinduzi ulifanywa na Waziri wa Majani, Mheshimiwa Gaudensi Malimbiko, mtu mkubwa kwa kila kipimo. Bwana Kibwana alimpatia sofa. Safu zilinyooka, maturubai hayakuyumba, na katika maisha yake ya kustaafu hakuwahi kuwa na raha kama asubuhi ile.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema kuwa zipo nchi ambazo magugu hujiotea ovyo, bila mpango, lakini Sifunia si mojawapo. "Nayaonya magugu yote," alisema, akinyoosha kidole kuelekea mlimani. "Yasidhani kwa kuwa yana mizizi basi yako juu ya sheria. Serikali ina mkono mrefu, na leo mkono huo mtauona."

Mkono ukavishwa glavu nyeupe. Mheshimiwa akainama, akashika mjaanchi, akavuta. Mjaanchi ukatulia. Akavuta tena. Walinzi wakamshika kiuno wakavuta naye, na kilichotoka mwisho kilikuwa mkono wa koti, kuanzia begani. Bendi ya polisi, ambayo inajua kazi yake, ikapiga wimbo wa taifa ili watu wasimame wima na waache kutazama.

Msaidizi wa Waziri alimvuta Bwana Kibwana nyuma ya turubai. Hakupandisha sauti. "Mzee wangu, wewe ni mtu wa itifaki, sikufundishi kazi," alisema. "Kinachomshinda Waziri katika nchi hii kinaitwa upinzani. Wageni wengine wanakuja. Watafutie gugu lenye adabu."

*

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo mpaka leo Bwana Kibwana akilikumbuka hujifunika shuka. Mjaanchi mchanga hauna miiba. Ukioteshwa kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kukuzia miche, ukafukiwa ardhini na kiriba chake, mtu mzito anaweza kuutoa kwa vidole viwili, mizizi yote, bila kutoka jasho. Basi kilichotakiwa ni kitalu.

Alikitengeneza nyuma ya nyumba yake. Alipepeta udongo, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akachagua mbegu nono. Alijenga kivuli cha makuti. Mwalimu Pendaeli alichora kibao kilichosema KITALU CHA MAGUGU YA UZINDUZI, na chini yake, kwa herufi ndogo, usikanyage. Miche ya mringaringa iliyokuwa hapo ikisubiri kupandwa ilisogezwa ukutani kwenye kokoto ili kupisha nafasi.

Bi Havijawa alimkuta siku moja amechuchumaa, anawafukuza wadudu kwenye majani ya mjaanchi.

"Baba Mwatumu," alisema, "yale maji ya kwenye ndoo ya bluu umeyaona?"

"Nimemwagilia kidogo tu, mama Mwatumu. Jumamosi anakuja Naibu Waziri. Akikuta gugu limenyauka tutasema nini?"

"Yalikuwa ya kupikia."

Bwana Kibwana alimweleza kuwa ni jambo la muda. Wageni wakija, njia itajulikana, ikijulikana italetewa nguvu, ikiletewa nguvu itasafishwa mpaka juu. Alilieleza vizuri, kwa kuhesabu kwenye vidole. Bi Havijawa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwa jirani kuomba maji ya kupikia.

*

Wageni walikuja kweli. Habari zilienea kwamba Kibao kuna mahali ambapo kiongozi anang'oa gugu kwa vidole viwili na picha inatoka vizuri, na kila ofisi ikataka siku yake. Walikuja manaibu, wakuu wa mashirika, wake wa wakuu wa mashirika. Kila mgeni aling'oa gugu moja na kupanda mti mmoja. Miti ilipandwa kwenye shimo moja, pale karibu na maegesho, kwa kuwa lilikuwa na kivuli na halikuchafua viatu. Mgeni akiondoka mche ulitolewa ili kumpisha mgeni wa wiki inayofuata. Shimo lile lilipandwa miti mingi kuliko msitu wowote wa Sifunia, na Mwalimu Pendaeli, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika taarifa, aliihesabu yote.

Magugu yaliyong'olewa yalikuwa hayatupwi hivihivi. Yalibebwa kwa maandamano, kwa nyimbo, yakishangiliwa, mpaka kona ya kwanza, halafu yakarushwa upande wa pili kwa nguvu zote. Yalikuwa na maua yake, mbegu zake na samadi yake miguuni. Hakuna mjaanchi uliowahi kuanza maisha na mtaji kama ule. Upande wa pili wa kona hakuna aliyekwenda kutazama, kwa sababu viti havikufika huko.

Bwana Kibwana alijua. Nisimtetee. Asubuhi nyingine alisimama pale konani, akasikia harufu nzito ya yale maua ikishuka kutoka juu, akainua mguu apite kona akatazame. Kisha simu ikalia, mtu fulani mkubwa anauliza kuhusu Jumamosi, na mguu ukarudi. Aliambiwa jina lake linatajwa kwa ajili ya Nishani ya Jani. Akajiapiza kwamba akiipata tu, siku hiyohiyo atapanda hadi chemchemi na panga mkononi. Mabomba ya Bondeni wakati huo yalikuwa yakitoa hewa mchana na matone alfajiri.

*

Nishani aliileta Mkuu wa Nchi mwenyewe, Baba Mlezi wa Kila Kinachoota. Alifika, akang'oa gugu lake kwa vidole viwili, akapanda mti wake shimoni, watu wakashangilia mpaka wakakauka koo. Kila kitu kilikwenda kama maji, wakati yalipokuwa yanakwenda. Kisha Mkuu wa Nchi akasema jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Alisema ana kiu. Amesikia huko juu kuna chemchemi. Twendeni.

Bwana Kibwana alianza kuitafuta ratiba mfukoni, lakini msafara haumsubiri mtu anayetafuta ratiba. Walipita kona ya kwanza, na hapo wote wakasimama. Mbele yao palikuwa ukuta wa mjaanchi, mrefu kuliko farasi wa gwaride, umefunga njia, umefunga mlima, umefunga hata sehemu ya mbingu. Mringaringa hata mmoja haukuonekana. Nyuki hawakusikika.

"Nani kapanda haya yote?" aliuliza Mkuu wa Nchi.

Waziri Malimbiko alitazama juu, kama mtu anayekadiria mvua. Msaidizi wake aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Mwalimu Pendaeli alijisogeza taratibu nyuma ya mpiga tarumbeta. Bwana Kibwana akabaki peke yake mbele ya Mkuu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mdomo wake ulikwenda kabla hajauruhusu.

"Ni sisi, Mheshimiwa," alisema. "Tuliyaotesha kwa mikono yetu na kuyamwagilia maji ya chemchemi."

Alijua amekwisha. Alihisi nafuu ya ajabu, nafuu ya mtu aliyetua gunia. Lakini Mkuu wa Nchi alikuwa hajasikia ukweli kwa muda mrefu sana, kwa hiyo hakuutambua. Yeye alidhani anapewa taarifa ya mafanikio.

"Bila bajeti?" aliuliza.

"Bila bajeti, Mheshimiwa."

Mkuu wa Nchi alimgeukia Waziri wa Majani na kumwuliza kwa nini fedha za misitu zinatolewa kila mwaka na yeye hajawahi kuonyeshwa hata kivuli, ilhali mstaafu huyu na akina mama wa kwaya wamejaza mlima mzima miti kwa mikono mitupu. Hapohapo akautangaza mjaanchi kuwa Mti wa Taifa, na kuung'oa kuwa kosa. Bwana Kibwana alifungua mdomo ili asahihishe. Pini ya nishani ilikuwa tayari inapenya kwenye koti lake, bendi imeanza, wapiga picha wamepiga goti. Akaufunga mdomo. Tena, aibu iliyoje, akatoa kifua mbele ili nishani ikae vizuri.

*

Chemchemi ya Kitutu ilikohoa kidogo kiangazi hicho, kisha ikanyamaza. Hapo Serikali haikulala. Ilileta boza la maji Bondeni, likaegeshwa uwanjani limejaa pomoni, likasubiri kuzinduliwa. Na mgeni rasmi angekuwa nani tena, kama si mwenye Nishani ya Jani, mkazi wa hapohapo?

Walimweka kwenye sofa jekundu. Maisha yake yote alikuwa akiwapangia wengine sofa kama lile, akilifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, na hakuwahi kulikalia. Lilikuwa laini kupita alivyofikiria, likammeza mpaka kiunoni. Wasemaji walisema. Wakamsifu. Jua likapanda. Watu wa Bondeni walisimama kwenye foleni na ndoo zao, na bomba la boza limefungwa utepe.

Katikati ya foleni alikuwamo Bi Havijawa, ndoo moja kila mkono. Bwana Kibwana alimtafuta kwa macho, yakakutana. Mkewe hakumkunjia uso wala hakumcheka. Alimtazama kama watu wa Sifunia wanavyowatazama wageni rasmi wote: kwa subira, bila kutegemea kitu. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumtazama hivyo, na kitu kikamkatika mzee ndani.

Alijinasua kwenye sofa, akashika kipaza sauti, na kutoa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa katika nchi ile.

"Ndugu zangu, maji yenu nimeyanywesha magugu."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Akadhani hawakusikia, akairudia polepole, neno moja moja. Makofi yakarefuka, na kina mama wakapiga vigelegele. Basi akakiweka kipaza sauti kwenye sofa, kitini pake, akashuka jukwaani, akaondoka kwa miguu kuelekea Njia ya Nyuki. Hakuna aliyemfuata. Ratiba ilikuwa bado na neno la shukrani, na Msifunia haondoki kabla ya neno la shukrani, hata nyumba yake ikiwaka. Bomba lenyewe halikuruhusiwa kufunguliwa kabla ya neno hilo.

Pale konani alishika shina la mjaanchi lililokuwa karibu naye. Si wa kitalu, ule wa kweli, wenye miiba. Akavuta, akaanguka chali, suruali ya sherehe ikapasuka. Akainuka akavuta tena, viganja vinavuja damu. Askari wa kulinda Mti wa Taifa alikuja mbio na pingu mkononi, akaiona nishani kifuani, akaganda. Kanuni za Sifunia zinasema mwenye sare akiiona Nishani ya Jani apige saluti mpaka mvaaji apite. Bwana Kibwana alikuwa hapiti, alikuwa anang'oa. Askari wa watu akabaki wima, mkono kwenye paji, macho yanamtoka.

Hatimaye shina lilitoka na mzizi wake wote, mrefu, mnene, umelowa. Bwana Kibwana alitia kidole kwenye lile tundu, akagusa udongo wenye unyevu. Alikaa hapo chini, mzee mzima, akalia bila kujificha.

Nyuma yake akasikia ndoo zikigongana. Alikuwa Bi Havijawa, amepanda peke yake, ameacha foleni.

"Mama Mwatumu," alisema, akijifuta uso kwa mkono wa koti, "umekuja kunisaidia?"

Bi Havijawa alimtazama yeye, akamtazama askari na saluti yake, akautazama mlima wote wa rangi ya chungwa uliokuwa bado mbele yao.

"Nimekuja kuchota maji, baba Mwatumu," alisema, akitua ndoo na kukunja mikono ya gauni. "Sogea, umekaa katikati ya njia."